Majivu ya Bani na Mtani wa Kisarawe

Siku niliyoripoti kazini Urambo, Afisa Kilimo wa Wilaya hakunikaribisha hata kiti. Alinipeleka nyuma ya ofisi kwenye kijishamba cha mahindi, akang'oa mche mmoja na kuniuliza una njaa ya nini.

"Naitrojeni, mzee," nikajibu.

"Umejuaje?"

Nikababaika. Akanionesha: njano ilianzia majani ya chini, nchani, ikafuata uti wa jani kwenda ndani. "Umebahatisha," akasema. "Sasa jifunze kutobahatisha." Ninyi vijana wa leo mnapiga jani picha kwa simu. Sisi tulifundishwa kulisoma kwa macho, na mwenye macho mabovu alirudishwa kwao.

Baada ya hapo nilipangiwa vijiji vya tumbaku. Huko karibu kila mkulima ana bani, yaani banda la kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, na msimu ukiisha majivu yanabaki kilima kizima. Wanyamwezi wenzangu si watu wa kutupa kitu. Waliyabeba kwa karai wakayamwaga kwenye mahindi, mwaka baada ya mwaka, wakijua wanatia mbolea. Majivu kidogo ni mbolea kweli, lakini yakizidi udongo unageuka wa magadi, na zinki iliyomo inafungika. Ipo, ila mizizi haiipati. Mahindi yanadumaa, na majani machanga ya juu yanatoka na mistari mipana myeupe pande mbili za uti. Wakulima wakiona weupe huo huongeza urea, na weupe haubanduki.

Jambo hilo nililigundua mimi. Naomba lieleweke kabla sijaendelea. Nilichimba udongo wa shamba la Mzee Mihayo, mkulima aliyeheshimiwa kuliko wote pale, nikaufikisha maabara mwenyewe, na jibu likawa njaa ya zinki. Nikaitisha mkutano nikiwa nimevimba kichwa.

"Mnalisha mahindi uchafu wa bani," nikawaambia, "halafu mnashangaa yakiugua!"

Mzee Mihayo akasimama taratibu. "Mwanangu, ugali uliokukuza umetoka kwenye majivu hayohayo. Tulikusomesha uje kututukana?" Akaondoka, na mkutano mzima ukamfuata. Msimu uliofuata majivu yakamwagwa kama kawaida, na mahindi yakawa mafupi kuliko ya mwaka uliotangulia.

Afisa Kilimo akaniita. "Wamekukataa, Bwana Kasanda. Namtoa Bibi Shamba mmoja kule Kaliua aje akusaidie."

Bibi Shamba Mwajuma alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Kwa asiyejua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Tabora hadi pwani, wakipita kwao. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu, akakuvua kofia akaondoka nayo, na ukinuna aibu ni yako.

Alifika shambani kwa Mzee Mihayo, akapiga magoti kwa adabu zote. "Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mtani."

Akainuka. "Enyi wabeba mizigo! Pembe zimewaishia, sasa mnabeba majivu? Mmelisha mahindi uchafu wa bani mpaka yameota mvi!"

Mzee Mihayo alicheka hadi akajifuta machozi. "Wala nazi ninyi mnajua nini kuhusu mahindi?"

"Nipe mistari miwili tu ya shamba hili niitibu. Nikishindwa, nioe bila mahari."

Uchafu wa bani! Maneno yangu yaleyale, neno kwa neno. Mimi yalinikimbizia mkutano, yeye alichinjiwa kuku.

Dawa nilichanganya mimi: zinki salfeti kwenye maji, na chokaa kidogo isije ikaunguza majani. Bomba la kunyunyizia lilikuwa mgongoni kwangu, asubuhi kabla jua halijakaza. Yeye alikuwa pembeni akitaniana na wazee. Majani mapya ya mistari ile miwili yakatoka kijani, jirani zake yakabaki meupe, na kijiji kizima kikaja kutazama. Tangu hapo majivu yakaacha kwenda kwenye mahindi, zinki ikawa inachanganywa na mbolea ya kupandia, na wakaibatiza jina: dawa ya mtani.

Nilimwonea wivu, na neno hilo sitalipaka sukari. Kama angenizidi elimu ningekesha nikisoma. Alinizidi kuzaliwa Kisarawe, na hilo nalo mtu analisomea wapi? Nilimlalamikia Afisa Kilimo kwamba kazi ni yangu na sifa zimekwenda kwingine.

"Mahindi yamepona, hayajapona?" akauliza.

"Yamepona."

"Basi kunywa chai."

Sasa nimestaafu, nakaa Gongoni, Tabora mjini, na chai hiyo bado chungu. Mwaka huu Mzee Mihayo alifariki, nikaenda Urambo kuzika. Nilimkuta Mwajuma, naye mstaafu, amesafiri kutoka Kisarawe kama impasavyo mtani, maana msibani kazi ya mtani ni kuwachekesha wafiwa, amejifunga shuka ya marehemu, anadai bwana wake amemkimbia bila talaka. Wafiwa hawana mbavu. Binti wa marehemu, anayelima shamba lile sasa, akaniamkia na kuniuliza kwa upole, "Baba, si wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea bomba Bibi Mtani?"

Mwajuma alisikia. Akaivua ile shuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona hacheki.

"Sikilizeni," akasema. "Ugonjwa wa mahindi yenu aligundua huyu. Dawa alichanganya huyu. Mimi nilikuja kuwatukana tu."

Matanga yote yakalipuka kwa kicheko. "Mtani huyu!" binti akasema, akishika tumbo. "Hata msibani haachi uongo!"