Kicheko cha Mtangazaji

Albamu yetu tuliirekodi Kariakoo, kwenye studio iliyokuwa juu ya duka la vitenge. Tulikuwa watatu: mpiga gitaa, mpiga dramu, na mimi mwimbaji. Tulipiga panki, muziki wa kasi na kelele, kwa Kiswahili cha Ilala tulikokulia. Fundi mitambo alipunguza sauti yangu, nikamwambia airudishe. Akaguna, akairudisha.

Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio ambaye vijana wa mjini walimsikiliza ili wajue kipi muziki na kipi takataka, aliupiga wimbo wetu wa kwanza. Hakuufikisha hata katikati. Akaukata, akacheka kicheko chembamba, kirefu, kama mtu anayetekenywa.

"Jamani, huyu dada anaimba au anafukuza mbwa? Kama ana mama, mama yake amfiche."

Mama yangu alikuwa sokoni kwenye meza yake ya viungo, redio ya jirani ikivuma. Pale wote walijua ni mimi. Waligeuka kumtazama. Jirani yake ndiye aliyenisimulia jinsi mama alivyoendelea kupima bizari hadi ikafurika kwenye mizani na kumwagika.

Tusi la kwangu ningelisamehe. La mama, hapana.

Kipindi kilikuwa mtandaoni. Nikakikata kile kicheko, tukatunga wimbo mpya, kicheko chake kikawa kiitikio. Ulishika vijiweni kuliko albamu nzima; hadi Magomeni watu wasioijua panki wakawa wanakiigiza. Wachambuzi wa muziki waliotuponda mwanzoni wakageuka, wakaandika kwamba albamu yetu ilikuwa na ujasiri. Sikumshukuru hata mmoja.

Kisha likaja tamasha la Mnazi Mmoja, yule mtangazaji ndiye mshereheshaji. "Mambo vipi, Bongo!" Uwanja mzima ukamjibu kwa kicheko chake. Akajaribu tena, wakacheka tena. Nilisimama pembeni ya jukwaa, nikamwangalia jasho likimtiririka, na moyo wangu ukashiba.

Aliposhuka alinifuata. "Dada, ule ulikuwa utani tu. Tuyamalize."

"Mama yangu yuko sokoni. Nenda kamwombe radhi yeye."

"Pale? Mbele ya watu wote wale?"

"Kwani wewe ulimsema mbele ya nani?"

Hakwenda. Nasi tukaupiga wimbo ule kila tulipoalikwa, hadi kipindi chake kikapewa mtu mwingine.

Siku moja, tukifunga meza yake sokoni, mama alisema, "Mwanangu, imetosha. Mwache naye apumue."

"Hajaja kukuomba radhi, mama."

"Mimi simhitaji aje."

"Mimi namhitaji."

Akaikunja turubai. "Haya. Shauri yako."

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na onyesho Magomeni. Mpiga dramu aliniuliza tuanze na wimbo upi, ingawa jibu alilijua: ule wa kicheko.