Kibuyu cha Udhu

Nilifika Songea nikiwa na mzigo wa Mdachi mgongoni na kidonda mguuni. Mzigo ulipokelewa bomani kwa heshima zote. Kidonda hakikuulizwa na mtu. Tulitoka Tunduru sisi wapagazi na masanduku ya misumari na sabuni, na tulipopita Namtumbo kisigino changu kilikuwa kimeshaanza kunuka. Msafara ulipumzika kidogo, ukaendelea kwenda ziwani. Mimi nikaachwa kama chungu chenye ufa.

Watu wakisimulia mji wa ugenini huanza na soko lake. Songea ile haikuwa na soko la kusimulia. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha punde, na Wadachi walipomaliza kuua watu waligeukia chakula. Walichoma maghala, wakachoma mashamba, na aliyebaki hai akaachiwa njaa immalize. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba asubuhi hakuwika jogoo hata mmoja. Wote walikuwa wameliwa. Cha pili ni baridi, inashuka kutoka milima ya Matogoro na kuingia mpaka kwenye meno, wala hakuna aliyewahi kunionya. Halafu hilo jina la mji. Lilikuwa jina la mzee wao mmoja wa vita. Wadachi wakamnyonga mwenye jina, jina wakabaki nalo wanaliandika kwenye masanduku yao. Nilipoelezwa nilidhani nafanyiwa mzaha.

Askari wa bomani aliniambia waziwazi kwamba mpagazi asiye na msafara wala nyumba ni mtu wa mnyororo. Watu wa mnyororo walikuwa wakichimba barabara, wamefungwa shingo kwa shingo, na anayeanguka huburutwa na wenzake. Kwa mguu wangu ule nilijua sitatoka mzima. Nikapewa mpaka jioni nitafute mtu wa kunipokea. Nikaanza kupiga hodi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hao hawakupita Songea mwaka ule. Nilipotaja tu kwamba natoka upande wa mashariki, mlango ulirudishwa. Kwao kila atokaye mashariki ni mtu wa pwani, na mimi na mvi zangu hizi bahari sijaiona mpaka leo. Ile dawa iliyowaaminisha kwamba risasi zitageuka maji iliwafikia kutoka huko huko, na hilo walilikumbuka vizuri sana. Walichosahau ni kwamba ilipita kwetu kwanza. Kaka zangu wawili walinyunyiziwa, na wote wawili wako chini ya udongo. Nilitaka kuwapigia kelele haya kwenye vizingiti vyao, lakini mtu anayeomba kulala hapigi kelele.

Aliyenipokea ni mjane mmoja upande wa Ruhuwiko, ambaye paa la nyumba yake liliungua nusu. Alikunja magoti kidogo, akapiga makofi taratibu kwa desturi yao ya kusalimu, kisha akautazama mguu wangu, akaitazama na mikono.

"Unaweza kuezeka?"

"Naweza, mama."

"Basi utalala jikoni. Mvua zisinikute wazi."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alinipa jembe kabla sijaketi. Tulichimba viazi pori, akavichemsha na kumwaga maji, akavichemsha tena na kumwaga mpaka sumu itoke, na ladha nayo ikatoka. Mimi nilinung'unika, yeye alikula tu. Mume wake na wanawe watatu walikuwa wamenyunyiziwa maji pamoja, wakatoka pamoja, na hakurudi hata mmoja. Mikeka yao ilikuwa imekunjwa pembeni. Kila asubuhi aliikung'uta vumbi na kuirudisha palepale.

Sasa, mimi nilikuwa na kibuyu kidogo cha kutawadhia. Msafarani kila Mwislamu alikuwa na chake, kimefungwa kwa kamba kwenye mzigo, maana ukitegemea mito ya njiani sala zitakupita. Alfajiri nilikaa nyuma ya nyumba, nikasukutua, nikaosha uso na mikono, nikapaka kichwa maji huku nasema maneno yangu taratibu. Nilikuwa nikifanya hivyo tangu utoto. Nani hukaa akaufikiria udhu wake?

Jirani mmoja akaniona. Mtu wa mashariki, kibuyu kidogo, maji kichwani, maneno asiyoyaelewa. Waume zao walifanyiwa hayohayo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo niliijua tangu nikiwa mdogo, ila sikujua kwamba siku moja ung'ongo nitakuwa mimi.

Mjane aliniuliza siku ileile. "Hicho umekuja nacho kufanya nini?"

"Kusali, mama. Ni maji ya mtoni tu. Umeniona nikichota."

"Na yale yalikuwa ya mtoni."

Nilikasirika. Nikamwambia habari za kaka zangu, tena kwa sauti ambayo mgeni hapaswi kuitumia kwa mwenyeji. Tangu hapo nilimkuta mara kwa mara amekitazama kibuyu kile, na mimi nikadhani anakiogopa.

Jumbe aliyewekwa na boma alikuja na askari wawili nikiwa juu ya paa nafunga nyasi. Wakaniteremsha. Jumbe akasema mimi ni mganga wa vita, nimekuja kuviwasha upya, na kwa kosa hilo mti wa kunyongea ulikuwa tayari pale bomani, kila mtu anaujua. Askari mmoja alikishika kibuyu, akakinusa, akaninong'oneza, "Mimi nasali kama wewe, najua hiki ni cha nini. Bwana mkubwa hajui, wala hatauliza."

Nikasema nipeni niyanywe, mwone kama ni dawa. Jumbe akacheka. "Mganga hafi kwa dawa yake. Anywe mwingine."

Majirani walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyesogea. Ndipo mjane akatoka jikoni akifuta mikono, akamwendea askari.

"Lete," alisema.

Akakiinua kibuyu, akanywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni, akakigeuza kuonyesha kimekwisha. Jumbe alisubiri, akasubiri tena. Askari wakachoka kusubiri, wakaondoka wakimcheka Jumbe, naye akawafuata.

Nilipiga magoti mbele ya yule mama nikalia bila aibu. Nilimwita mama yangu wa pili, nikamwombea kila dua niliyoijua. Moyoni nilisema kumbe mji huu una mtu mmoja mwema, na nikaanza kuusamehe mji mzima. Yeye alinipita tu, akaenda kuoga. Jioni ile alifagia ua mpaka pembeni kabisa, akavaa kaniki yake nzuri, akautandika mkeka wa marehemu mumewe na kulala ameelekea ukutani. Nikadhani hofu imemchosha.

Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, ameifungua mikono yake mapajani anaitazama. Aliponiona macho yake yalikuwa na hasira ambayo sijapata kuiona hata kwa Mdachi.

"Ni maji tu," alisema.

"Si nilikuambia, mama?"

"Nilijua unaficha. Nyote mnaficha." Akageuka kuitazama ile mikeka. "Yaliwachukua wote wanne. Nilikunywa niwafuate."

Dua zangu zote za jana zilinirudi mdomoni kama nyongo. Nilikuwa hai kwa sababu mtu alitaka kufa, na kwa kuwa nilisema kweli alinichukia.

Alinyanyuka, akaukunja ule mkeka, akaukung'uta vumbi, akaurudisha pembeni pamoja na mingine. Kisha akatazama juu, pale nyasi zilipoishia.

"Basi maliza paa," alisema. "Kama nabaki, sitaki kuloana."