Jina la Mwanaidi Halikuwa Langu Kulitangaza

Mwanangu, katika miaka ya khamsini iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka. Nitakuhadithia, kwa sababu unanisikia nikijisifu barazani, ukadhani nimezaliwa na akili hizi.

Najisifu, ndiyo, na sioni haya. Sikusoma ila chuo cha Kurani, nikaishia juzuu ya Amma, na leo duka la vitambaa ni langu, nyumba ya Ng'ambo ni yangu, na wenye vyeti vyao wanakuja kuniomba kazi. Lakini mwenye kujua leo, jana alikuwa mjinga.

Wakati ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini, kazi yangu kutangaza sinema. Nabeba ubao wenye picha mgongoni, kengele mkononi, nazunguka Mji Mkongwe chochoro kwa chochoro, navuka Darajani, nakwenda mpaka Jang'ombe nikinadi: leo ipo picha ina mapenzi, ina kilio, ina ngoma. Sauti yangu haikuwa na mfano. Niliweza kumtoa mtu msalani.

Basi ikaletwa picha moja ya Kihindi, imeshazeeka kidogo. Siku mwendesha mashine alipoijaribu nilikuwepo, nikamwona mtoto wa kike, yatima, kabeba mtungi, analia. Nikamtambua. Alikuwa Mwanaidi, jirani yetu wa Jang'ombe. Baba yake alikuwa baharia aliyehamia Bombay na mkewe, mama mwenye damu ya Wahindi wa Kachi, na huko mtoto akachukuliwa kucheza picha tangu ana miaka sita. Akacheza nne. Alipofika kumi na mbili akarefuka, wakamwambia kwa utoto kashapita na kwa utu uzima hajafika, na kazi ikaishia hapo. Baba alikuwa keshakufa zamani, mama akarudi naye Unguja. Majirani tulijua, tukanyamaza. Wakati huo ana miaka kumi na tisa, ana cherehani yake, na mabinti tisa wa mtaani wanakwenda kwake kila asubuhi kujifunza kushona. Yeye na mama yake walikuwa wanakula humo.

Unazijua desturi zetu. Jina la mwanamwali halipigiwi kelele njiani. Hata mume, mbele za watu, hamwiti mkewe kwa jina. Na mimi kwa uroho wa kusikilizwa nikapiga kengele, nikanadi mji mzima: njooni mumwone Mwanaidi wa Jang'ombe akicheza sinema. Watu wakacheka, wakanifuata. Nikajiona sultani.

Haukupita muda, mabinti saba kati ya tisa wakatolewa kwake. Mama zao walisema hawawaachi watoto wao kwa mcheza sinema. Mama yake Mwanaidi akataka kumficha shamba, Makunduchi, kwa jamaa mpaka maneno yapoe. Mwanaidi akakataa. Akaja mlangoni pa sinema mchana kweupe, buibui limefungwa sawasawa, akasimama mbele yangu.

"Wewe ndiye mwenye sauti?"

"Mimi, dada."

"Usiniite dada. Ndugu hafanyi hivi. Ulipata kuniuliza?"

Nikautua ubao wenye picha, nikaugeuzia ukutani.

"Maji yameshamwagika, sikwambii uyazoe," akasema. "Kesho pita njia zile zile, usiruke hata uchochoro mmoja. Useme Jumatano, kwenye sinema ya wanawake, Mwanaidi mwenyewe atakuwemo. Mwenye swali aniulize usoni."

"Watakutukana."

"Washanitukana nisipokuwepo. Sasa nnataka kuwepo."

Nikapita njia zile zile, nikasema kama alivyoniambia.

Sinema ya wanawake mwanamme haingii, kwa hivyo mimi nilibaki nje. Mama yangu alikuwemo, na ndiye aliyenihadithia. Ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa chini. Mtoto wa kwenye picha alipolia, wanawake wote walilia naye, pembe za mabuibui zikarowa. Mwanaidi akatulia. Taa zilipowashwa kwa mapumziko, akasimama mbele, akafunua uso.

"Mtoto mliyemlilia ni mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka minane. Baba yangu alikuwa amezikwa juma lile, na nyumbani hamna chakula. Machozi yale sikufundishwa na mtu. Nilifanya kazi nikamlisha mama yangu. Nyinyi mnamlilia yule wa ukutani, na mimi niliye hai mmenitolea watoto. Haya, nani ana swali?"

Bibi mmoja wa nyuma akauliza, "Lile gauni ulilovaa, mwanangu, nani kalishona?"

"Mama yangu, bibi. Na mimi nnajua kulishona."

"Basi mjukuu wangu anarudi kesho."

Wakacheka, mapumziko yakaisha. Mabinti wanne walirudi. Watatu hawakurudi, na Mwanaidi hakwenda kumbembeleza mtu. Mama wa mmoja wao alipita mlangoni pake miaka bila ya salamu, na Mwanaidi kila mara akimwamkia "Shikamoo" kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, mpaka yule mama akawa anazunguka njia nyingine.

Tajiri wa sinema alipoona ukumbi umefurika, akaniambia niwe nalinadi jina lile kila wiki. Nikamwuliza, "Mwenyewe karidhia?"

"Tangu lini mpiga kengele akauliza ruhusa?"

Nikaiweka kengele yake mezani, nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Nikaanza kutembeza vitambaa mlango kwa mlango, na wa kwanza kununua kwangu alikuwa Mwanaidi, tena alinishusha bei bila huruma. Baadaye nilipeleka posa. Akanikataa. Nasema mpaka leo alikosea, lakini haki ilikuwa yake.

Basi shika haya, mwanangu. Jina la mtu ni amana. Usilichukue kulifanyia sifa zako mpaka mwenyewe akupe, hata kama unalosema ni kweli. Na wewe ukitangazwa, wakakucheka kwa kazi ya halali uliyoifanya kwa njaa, usikimbilie shamba kujificha. Nenda pale pale wanapokusema, ukae mbele. Wengine watarudi. Wasiorudi waache wazunguke njia, mji una njia nyingi.

Mola akupe uso usioinama bure, akupe riziki ya mikono yako, na siku utakapokosea akuletee mtu wa kukwambia machoni, kama alivyoniletea mimi. Amin.