Binti Aliyekataa Kutelekezwa

Msichana huyu aliondolewa katika Programu iliyokuwa ikimwandaa kwa chuo kikuu, na kosa lake lilikuwa moja tu: alikataa kusimama mbele ya wafadhili na kutamka kwamba baba yake alimtelekeza. Baba mwenyewe hakuwa amemtelekeza mtu. Siku hiyo alikuwa ndani ya ukumbi uleule, upande wa nyuma, amevaa ovaroli, akisubiri kuona kama ngazi za jukwaa alizozichomelea asubuhi zingewabeba wageni.

Nyumbani walimwita Wakili. Jina hilo alipewa na baba yake tangu akiwa mdogo, siku kikombe kilipovunjika naye akamtetea paka mpaka kesi ikafutwa. Watu waliolisikia walidhani atasomea sheria. Yeye alisema hapana, anataka uhandisi. Anataka kujua kwa nini madaraja hayaanguki.

"Basi utakuwa wakili wa vyuma," baba alimtania. "Na vyenyewe vinaonewa sana mtaani humu."

Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana. Upande mmoja baba alikata na kuchomelea mageti na madirisha. Upande wa pili, chini ya dirisha, mama alishona sare za shule. Wakili alijifunza hesabu zake zote katikati ya mlio wa grinda na wa cherehani, hata alipoingia maktaba kwa mara ya kwanza kimya chake kilimtia usingizi. Umaskini ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini palikuwa na watu wawili waliomuuliza kila jioni amejifunza nini, na waliosubiri jibu.

Programu ilifika shuleni kwao akiwa kidato cha pili. Ilijengewa jengo lake kwenye kona ya uwanja, likapakwa rangi ya samawati, na kutoka shule nzima wakachaguliwa wanafunzi wachache wenye alama nzuri na nyumba duni. Humo walifundishwa namna ya kusoma peke yao, namna ya kuchagua kozi na kuomba nafasi chuoni, namna ya kujibu maswali ya usaili bila kutazama viatu. Mwaka wa mwisho wangefanya majaribio ya sayansi katika maabara kamili. Mambo hayo yote ni mema, na mtoto wa mtaa ule hakuwa na mahali pengine pa kuyapata.

Kilichofichwa ni jinsi maabara hiyo ilivyopatikana. Hadubini, mizani, na mirija ya kioo yenye koki za kudondoshea tindikali vilikuwa mali ya shule, vilivyonunuliwa kwa ajili ya kila mtoto. Vilibebwa kutoka maabara ya zamani hadi jengo la samawati "kwa muda," na mlango wa maabara ya zamani ukatiwa kufuli. Tangu siku hiyo wanafunzi wengine wote walijifunza majaribio ubaoni. Mwalimu wa kemia alichora mrija, akachora tone, akasema, "Hapa sasa rangi inageuka kuwa ya waridi." Haikugeuka. Ilibaki nyeupe, kwa sababu chaki ilikuwa nyeupe.

Wakili alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa, na kwa muda mrefu hakuuliza lolote juu ya kufuli hilo. Alikuwa upande wa ndani. Alijifunza kuosha mirija na kuikausha, akingoja kwa hamu mwaka ambao angeruhusiwa kuitumia.

Mwaka huo ulipoanza, ilikuja Siku ya Simulizi.

Ulikuwa ndio utaratibu wa Programu: kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipanda jukwaani akawasimulia wafadhili maisha yake. Mratibu, mwanamke mwenye sauti laini na kalamu iliyoning'inia shingoni, aliwaandaa mmoja mmoja. Simulizi nzuri, aliwaambia, huanza na mtu aliyepotea, hupita kwenye njaa, huishia kwenye Programu. Aliwafundisha hata mahali pa kunyamaza kidogo na kumeza mate. Kijana mmoja ambaye bibi yake alikuwa hai na mkali kama pilipili alitakiwa kumzika kwenye sentensi ya pili.

Zamu ya Wakili ilipofika, Mratibu alisoma alichokiandika, akashusha pumzi.

"Hapa hakuna panapouma, mwanangu."

"Kuna mahali nimesema tuliwahi kukatiwa umeme mwezi mzima, Mratibu. Baba alikosa kazi."

"Umeme haumtoi mtu machozi. Baba huyu hajawahi kuondoka?"

"Aliwahi. Nilikuwa na miaka mitano. Alikwenda kuchomelea mabomba kwenye ujenzi wa bwawa."

Kalamu ilishuka mezani. "Sasa unaona? Baba aliondoka ukiwa na miaka mitano. Tunaanzia hapo."

"Lakini alirudi. Alirudi na baiskeli yangu."

"Hiyo ya kurudi hatuna nafasi nayo. Una dakika mbili tu."

"Bila hiyo itakuwa uongo."

"Kuacha mwisho si uongo," alisema Mratibu, kwa upole uleule ambao mtu hutumia kumfunga mtoto kamba za viatu. "Kila simulizi ina mahali pake pa kuishia."

Wakili alirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa upya na kichwa kilichojaa moto, akaikariri. Hili lisifichwe: aliikariri. Alipiga moyo konde akijiambia kwamba hao ni wageni, watasikia, watalia, watapanda magari yao. Baba hatajua. Na mwezi unaofuata yeye atashika koki ya kioo kwa mkono wake.

Angeweza kufaulu, kama si jambo dogo ambalo Programu haikuwahi kujishughulisha nalo. Katika miaka yote ile hakuna aliyefika nyumba ya mwanafunzi hata moja. Kwenye kumbukumbu zao hapakuwa na baba wala mama. Kulikuwa na "mlezi," basi. Kwa hiyo ngazi za jukwaa zilipolegea siku hiyohiyo ya wageni na mlinzi akatumwa mtaani kutafuta fundi wa karibu, hakuna aliyejua fundi huyo ni nani. Baba alikuja na mashine yake kwenye mkokoteni, akachomelea, akapiga msasa. Kisha, aliposikia kwamba watoto watazungumza, akaomba asimame nyuma. Hakumwambia mtu kwa nini. Alidhani wanajua.

Wakili alipanda zile ngazi bila kumwona. Alishika kipaza sauti, akainua macho kama walivyofundishwa, akakutana na uso wa baba yake juu ya vichwa vya wageni wote. Baba alikuwa amevua miwani yake ya kuchomelea na kuikumbatia kifuani. Alikuwa akitabasamu.

"Nilipokuwa na miaka mitano," Wakili alianza, "baba yangu aliondoka."

Alinyamaza. Mratibu, kwenye safu ya mbele, alitikisa kichwa kwa kuridhika; hapo ndipo pa kumeza mate.

"Akaenda kazini. Kazi ilipoisha akarudi. Yule pale nyuma, mwenye ovaroli. Ngazi hizi nilizopanda amezichomelea yeye leo asubuhi."

Wageni waligeuka. Baba, kwa kutojua afanye nini na macho yote yale, aliinua mkono kidogo, mtu angedhani anajibu mahudhurio. Wengine walicheka, wengine wakaanza kupiga makofi.

"Mimi sikukosa baba," Wakili aliendelea, na sauti yake sasa haikuwa ya kukariri. "Shule hii imekosa maabara. Ya zamani ina kufuli. Vifaa vyake viko kwetu, kwenye jengo mlilotembezwa. Wenzangu wanasoma tindikali ubaoni."

Makofi yalikatika. Mratibu alikuwa ameshasimama, anatabasamu kwa meno tu, anamshukuru kwa niaba ya wote.

Siku chache baadaye alimwita ofisini.

"Hatukufukuzi. Tunakupumzisha."

"Mpaka lini, Mratibu?"

"Mpaka utakapokuwa tayari kwa safari hii."

"Kwani niliyosema si kweli?"

"Hukunielewa," alisema Mratibu, akafungua mlango. "Wale watu wanawasaidia ninyi. Hukuwa na haki ya kuwaaibisha."

Jioni hiyo nyumbani kulikuwa na kesi, na kwa mara ya kwanza Wakili hakuwa na wa kumtetea. Mama alikuwa akishona, pini mdomoni, na alizungumza kupitia pini hizo.

"Maneno tu. Ungeyasema, yakaisha. Mimi kila siku nawaambia watu wamependeza. Unadhani wote wamependeza?"

"Mama, walitaka niseme katuacha."

"Angetuacha dakika mbili. Jioni angerudi kula."

"Nipo hapahapa mnanigawa," alisema baba kutoka mlangoni.

Baba alikaa kwenye kigoda, akafuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ungesema tu, mwanangu," alisema. "Ungenipa ishara. Ningetoka nje kidogo."

Hayo ndiyo yaliyomchoma Wakili kuliko yote ya Mratibu. Mtu aliyerudi kutoka bwawani na baiskeli ya mtoto begani alikuwa tayari kutoweka ili mtoto wake aruhusiwe kushika mrija wa kioo ambao ulikuwa wake tangu mwanzo. Nani alimfundisha kwamba hiyo ndiyo bei? Wenye kumfundisha walikuwa wasomi, wenye shahada, wanaoandika ripoti kuhusu kuwainua wanyonge.

Kesho yake baba alivaa shati la pasi akaenda jengo la samawati. Mratibu alimtambua mara moja. "Fundi, ngazi zimekaa vizuri sana," alimwambia. Ilimbidi baba aeleze kwamba hakuja kwa ajili ya ngazi.

"Mlezi wake?" aliuliza Mratibu.

"Baba yake."

Alirudi nyumbani mchana, hakuvua shati. "Wanakubali urudi," alimwambia binti yake. "Ila wanataka urekodiwe. Useme tena, kama ilivyokuwa imeandikwa."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilisema nitakuuliza."

Wakili alitazama chini.

"Ndiyo nimekuuliza," alisema baba.

"Sitaki, baba."

"Basi nimeshajibiwa." Alivua shati, akavaa miwani yake, akawasha mashine. Mtaani walimsikia akichomelea mpaka jua linazama, geti ambalo mteja wake hakuwa na haraka nalo.

Aliyebadilika ni mama. Kwenye mkutano wa wazazi, Mkuu wa shule alipomaliza kusifu Programu kwa maneno marefu, mama alisimama na kanda ya kupimia ikiwa bado shingoni. Karibu kila mzazi mle ndani alikuwa mteja wake.

"Mwalimu Mkuu, mimi nawashonea watoto wa shule hii wote kitambaa kimoja," alisema. "Sijawahi kuletewa oda ya sare za watoto wa maabara na sare za watoto wa ubao. Vile vifaa ni vya nani?"

Mkuu alisema suala hilo ni pana. Alisema kuna makubaliano. Alisema wazazi wasiwaudhi wafadhili.

"Sijauliza nani ataudhika," mama alisema. "Nimeuliza ni vya nani."

"Vya shule," mwalimu wa kemia alijibu kutoka pembeni, bila kuombwa, na ukumbi ukachemka. Mkuu akaahidi kulishughulikia. Wote tunalifahamu neno hilo na mwendo wake. Mtihani wa taifa ulilipita njiani.

Mtihani wa vitendo ulifanyiwa ndani ya jengo la samawati, watoto wa Programu na wasio wa Programu bega kwa bega. Wenzake wa zamani walifungua koki kwa vidole viwili, tone, tone, wakaacha kabla ya kuambiwa. Wakili alijua kila kitu kuhusu mrija ule isipokuwa uzito wa koki yake mkononi. Aliifungua kidogo, halikutoka tone. Aliongeza nguvu, tindikali ikamiminika, na chupa yake yote ikawa ya waridi iliyokolea, imepita kipimo kilichotakiwa, haina kurudi. Aliitazama rangi ile kwa muda. Ilikuwa nzuri kweli. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ni nzuri hivyo.

Matokeo yalipotoka, hesabu na nadharia alikuwa wa kwanza shuleni. Vitendo vilimvuta chini, na kozi ya uhandisi chuo kikuu haikumchukua. Alikwenda chuo cha ufundi kusomea stashahada, njia ndefu zaidi kufika palepale, na anaitembea bado. Wanaomhurumia huwaambia waihifadhi huruma yao. Anachotaka ni mtu amweleze kwa nini mtoto alazimike kumuua baba yake kwa maneno ili afundishwe kemia. Mpaka leo hajapata wa kumweleza.

Siku ya Simulizi haijafutwa. Imebadilishwa jina, na mafundi wa mtaani hawaitwi tena siku ya wageni. Lakini ahadi ya Mkuu ilifika hatimaye: maabara ya zamani ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 9 Januari 2023, vifaa vyote vikarudishwa, na tangu wiki hiyo kila darasa la shule ile hufanya majaribio yake humo.