Tonge la Mkono wa Kushoto

Tangu kiharusi kiupoozeshe mkono wake wa kulia, Mzee Ombeni wa Mbozi aligoma kulishwa kwa kijiko na Rozi, mke wa mwanawe. Akawa anakonda tu.

"Ameamua kufa," Rozi alimwambia Tabita, mhudumu wa afya anayepita majumbani kutunza wagonjwa.

"Hafi mtu hapa!" Tabita akaketi mkekani karibu na mzee. "Baba, wewe mwenyewe unataka kula vipi?"

Kumbe hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Nilishwe na mkwe, mimi? Aibu! Na huu wa kushoto ni wa chooni, aibu zaidi."

Tabita alimwomba Rozi awapishe kidogo. Akanawa, akaficha mkono wa kulia mgongoni, akamega ugali uliokuwa mbele ya mzee kwa wa kushoto. Tonge likamponyoka, pwaa, kwenye maharage.

Mzee akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Binti mzima unamwaga kama mtoto!"

"Haya fundi, nionyeshe wewe."

Akamnawisha. Mzee akakunja uso, akamega, likaanguka. Akamega tena, likaanguka tena. La tatu lilifika kinywani, akalitafuna taratibu.

"Mwambie Rozi," akasema, "aongeze maharage."