Juisi Yangu ya Kupinga Ulevi

Mimi ni mshauri wa wanafunzi katika chuo kimoja hapa Lushoto, na kazi yangu kubwa ni kuwatoa vijana kwenye pombe. Jumamosi klabu yetu ya kupinga ulevi ilifanya sherehe. Kwa kiherehere changu nikakataa soda za dukani, nikakamua miwa mwenyewe tangu Jumatano. Na kwa kuwa baridi yetu haina adabu, dumu nililiweka jikoni kando ya moto, wageni wasije wakagandishwa meno.

Siku ilipofika, dumu lilikuwa limevimba. Nikaona ni baraka, nikamimina.

Jamani, sijawahi kupigiwa makofi kama siku ile! Matroni alianza kucheza kabla ya muziki. Mchungaji aliomba kikombe cha tatu. "Mwalimu, juisi yako ina upako!"

Kichwa kikanivimba kuliko dumu. Nikamwita mbele Yona, kijana niliyehangaika naye muhula mzima mpaka akaacha pombe, nikampa kikombe kilichojaa ili atoe ushuhuda.

Alikinusa. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akasogelea kipaza sauti.

"Samahani, mwalimu. Mimi nilishaacha."