Vioo Kwenye Kiti cha Teresina

Donata Carparelli aliuza soksi na nguo za ndani katika magulio ya mkoa wa Brindisi, kusini mwa Italia, tangu usichana wake, na gari lake lilikuwa duka, ghala na, siku za mvua, chumba cha kulia. Mume hakuwa naye, wala hakumtafuta sana. Alichokitamani kweli, miaka ile ya themanini, ni redio ya gari yenye kaseti, ile ya kuchomoa, yenye kishikio kama cha ndoo. Ukiivuta, redio nzima inatoka kwenye dashibodi kama mkate kwenye tanuri, unakwenda nayo.

Na watu walikwenda nazo kweli. Jumamosi jioni pale mjini kwao Mesagne ungedhani wenyeji wanazitembeza redio zao zipunge hewa. Vijana walitongoza wamezibana kwapani. Donata aliingia na yake kanisani na kwa daktari wa meno, na kwenye harusi ya binamu yake alicheza dansi nayo imo mkobani, inamgonga nyonga.

"Dona, huyo mtoto humwachi hata kwa shangazi yake?" Teresina, mdogo wake, alimtania.

"Nikimwacha tu, wanamwiba."

Hakuwa akitia chumvi. Asubuhi nyingi mitaa ilimetameta kwa vipande vya vioo, na wenye magari walisimama hapo na ufagio, wakitukana.

Donata aliiacha mara moja tu. Ilikuwa alasiri ya Januari, Teresina ana uchungu wa kuzaa, mumewe yuko kazini Torino. Donata aliegesha gari mlangoni, akapanda ngazi mbio, akamshusha mdogo wake kwa kumkumbatia. Walipofika chini, dirisha halipo. Kwenye dashibodi kulikuwa na shimo na nyaya zinaning'inia. Kiti kizima kilijaa vioo.

Donata alivifuta kwa mkono wa koti lake, lakini Teresina hakuweza kungoja. Alijitupa kitini, akajiegemeza kwa kiganja, na kipande kilichobaki pembeni kikaingia hadi ndani. Wakaenda hospitali ya Brindisi hivyo hivyo, upepo wa kaskazini ukiwapiga makofi, mmoja analia kwa tumbo na mkono, mwingine anaendesha huku akilaani. Mtoto alizaliwa salama, msichana. Ila vidole viwili vya Teresina havikukunjika tena. Yeye aliyekuwa akitarizi mashuka ya maharusi, mji mzima ukimtaka, sindano ikawa ndiyo basi.

Donata alinunua redio nyingine, maana njia za kwenda gulioni ni ndefu na mizeituni haiongei. Hiyo anaipenda mpaka leo. Kwa hiyo Juni iliyopita, wapenda magari ya zamani walipotangaza sikukuu ya redio za gari uwanjani, aliing'arisha, akaenda kuiweka kwenye meza ya maonyesho. Alifurahi, tusimsingizie. Taa za rangi ya machungwa, vitufe vinavyolia *tak*, kaseti zilizokazwa kwa penseli. Alisimama hapo akitabasamu na watu asiowajua.

Kisha Mimmo Galasso akapanda jukwaani. Ndiye mwenyekiti wa chama chao, mzee wa mvi nzuri na shati la maua, na kipaza sauti kilimkaa mkononi kama alizaliwa nacho.

"Jamani, tuseme ukweli!" akasema. "Nusu ya redio za mji huu zilipita mikononi mwetu, sisi vijana wa kituo cha reli! Kipande kidogo cha kauri ya plagi ya injini, unakirushia dirisha, pah! Kioo kinamwagika kama mchele. Kabla mwenyewe hajamaliza kahawa yake, tumeshaiuza! Tulikuwa wajanja sisi, e? Raha iliyoje!"

Uwanja ukaangua kicheko. Watu wakapiga makofi. Donata alihisi damu inampanda mpaka masikioni.

"Wajanja?" akapaza sauti. "Wezi! Sema wezi!"

Wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu akafungulia muziki. Donata akaenda moja kwa moja kwenye spika, akang'oa waya.

"Kimemwagika wapi hicho kioo, Mimmo? Umewahi kuuliza? Kilimwagika kwenye kiti cha mdogo wangu, ana mimba ya miezi tisa! Mpaka leo hawezi kufunga kifungo cha blauzi yake!"

"Mama yangu, miaka arobaini imepita. Tulikuwa na njaa."

"Njaa? Mlikula redio?"

"Na sijui kama ni mimi niliyevunja cha kwako."

"Na hujui kwamba si wewe!"

Mwanamke mmoja akamwambia asiharibu sikukuu ya watu. Mzee mmoja nyuma akasema polepole kwamba na yeye alivunjiwa, mara mbili, na hakuona kichekesho. Mimmo akakishusha kipaza sauti. Alishuka, akachukua redio nzuri kuliko zote mezani, akamnyooshea.

"Chukua hii, tuishie hapo."

"Hiyo mpe uliyemwibia." Donata akanyakua yake mwenyewe, akaibana kwapani. "Ukitaka kuongea, kaongee na Teresina. Mlango wake unaujua, si mlikuwa mkipita hapo kila siku?"

Jumapili Mimmo alikwenda kweli, na sinia la keki, shati jeupe, uso umemwiva. Alisema walikuwa wezi. Alilisema neno lenyewe, akauangalia ule mkono. Teresina akalia kidogo, kisha akamwekea kahawa, na kabla haijapoa walikuwa wanamcheka padri wa zamani wa parokia yao.

Donata alikaa kando, mikono imekunjwa, hakugusa keki.

"Kula, Dona," Teresina akambembeleza. "Nimeshamsamehe."

"Umemsamehe ya mkono wako. Mimi bado nina hasira zangu, usizigawe wewe."

"Utakaa nazo mpaka lini?"

"Zinanitosha maisha yote."

Mimmo alipoaga, Donata hakusimama. Lakini alimwambia afunge mlango taratibu, una kioo.